Mgeni Tanga mjini: jinsi ya kuvipata vikundi vya mtaani na kujua kipi uingie

Kila mara napata meseji ya mtu kahamia Tanga, mwalimu, nesi, kijana wa bandarini, mtu wa mradi wa bomba la mafuta kule Chongoleani, na swali ni lile lile: nimepanga Mikanjuni, sijui Donge, sina ndugu hapa, nataka kikundi cha kuweka akiba au cha kujitolea au hata watu wa kukimbia nao tu, natafuta kwenye simu sioni kitu. Hutoona kweli. Kwenye simu utaletewa mapango ya Amboni, hoteli, na mashirika makubwa yenye geti na kibao. Vikundi vyenyewe, vile vinavyozika watu na kulipia ada za watoto na kuzibua mitaro, vimo kwenye madaftari, na daftari linakaa kwa katibu. Kwaiyo mwongozo wote huu ukiukamua unabaki na neno moja, tafuta makatibu. Mwenyekiti atakukaribisha vizuri na hadithi atakupa, ila mwenye majina, tarehe na hesabu za watu ni katibu.

Alafu usitegemee kupokelewa siku hiyo hiyo. Mji huu una utani wake, waja leo waondoka leo, na mgeni mwenye haraka ndo anaangaliwa hivo hivo. Hesabu miezi, wikiendi moja haitoshi.

Hatua ya 1: Jua unakuja na nini

Muda, hela au mikono. Mtu wa zamu za usiku pale hospitali ya Bombo hawezi kuahidi kila Jumapili saa kumi jioni, aseme mapema asije akaonekana mtoro. Na kama una fani itaje: kushona, kutengeneza baiskeli (Tanga hii hutokosa wateja), kufundisha hesabu, kuandika barua. Barua hasa. Vikundi vingi vina watu, vina nguvu, vina hela kidogo, ila vinakwama kwenye barua moja ya kwenda halmashauri kupitia kwa mtendaji, na anayeijua kuiandika anakuwa mtu muhimu kabla hata hajalipa kiingilio.

Hatua ya 2: Anza serikali ya mtaa, kisha panda kata

Ofisi ya serikali ya mtaa wako ndo mlango wa kwanza, na unatakiwa uende hata kama hutaki kikundi chochote, kwa sababu ukaazi wako utaandikwa pale na siku ukitaka barua ya utambulisho hawatakuuliza wewe ni nani. Nenda asubuhi. Kuna mwenyekiti wa mtaa, huyu kachaguliwa na wananchi, uchaguzi wa mwisho ulikuwa Novemba 2024, na kuna mtendaji wa mtaa, huyu ni mwajiriwa. Mwenyekiti anajua watu, mtendaji anajua makaratasi. Salimia wote wawili. Soma na ubao wa matangazo, usiupuuze, ndo unakuta tangazo la mkutano wa mtaa, chanjo, mikopo, na mara nyingine kikundi cha vijana kinatafuta wenzao.

Swali la kuuliza lisiwe "kuna vikundi hapa?" maana utajibiwa vipo vingi mwanangu, na stori itaishia hapo. Uliza hivi: hapa mtaani nani anahusika na watu wakifiwa? Nani anasimamia usafi? Akina mama wa kuweka hisa wanakaa kwa nani, siku gani? Ukiuliza kazi unatajiwa mtu, ukiuliza kikundi unatajiwa jina la kikundi tu.

Baada ya hapo panda ofisi ya kata, mtafute afisa maendeleo ya jamii. Huyu ana orodha, na sababu ya kuwa nayo ni hela. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya, na kikundi kikiitaka lazima kisajiliwe, kiwe na katiba na akaunti ya benki. Kwaiyo orodha ya afisa maendeleo ni nzuri, ila isome kwa akili. Kuna vikundi mle vilizaliwa kwa ajili ya mkopo tu, mkopo ulivochelewa wakatawanyika, jina limebaki kwenye karatasi. Unavijuaje? Muulize kiongozi wao mmoja, mara ya mwisho mlikaa lini? Aliye hai anakujibu hapo hapo, Jumapili iliyopita, nyumbani kwa fulani. Aliyekufa anaanza na "unajua wanachama wengi wako bize".

Hatua ya 3: Omba kuangalia mkutano mmoja kabla hujaingia

Hapa watu wanaruka na ndo penye faida. VICOBA vingi, yaani vile vikundi vya kuweka hisa na kukopeshana, havina shida ukiomba kukaa pembeni ukaangalia, mradi umeletwa na mwanachama. Nakupa picha ya kimoja ninachokijua huku Makorora. Alasiri, uani, mikeka miwili, akina mama wamekaa kwa namba na kila mtu anaitwa kwa namba yake. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti na sanduku linakaa kwa mtu wa nne, kwaiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake hata akiota. Linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, kisha katibu anaanza kuita.

"Namba saba!"

"Hisa tatu, na jamii."

"Simu yako imelia, na faini."

"Haya mama, na faini."

Kicheko, faini inaingia kwenye sahani yake, katibu anaandika. Daftari lenyewe ni kaunta buku la kawaida limechorwa kwa rula: hisa, jamii, faini, rejesho. Hisa ni akiba yako na ndo inayokopeshwa. Jamii ni mfuko wa shida, mtu akiuguliwa au akifiwa anapewa bila kurejesha. Ukiona mfuko wa jamii unachangiwa kila kikao ujue hapo hamuweki hela tu, mnatunzana. Mwisho wa mzunguko, wengi ni mwaka, wanavunja: kila mtu anapewa akiba yake na faida kulingana na hisa zake.

Angalia vitu viwili tu. Kwanza, kiasi kilichomo sandukuni kinatajwa kwa sauti mwanzo wa kikao na mwisho? Pili, mwanachama wa kawaida akiuliza swali la hela, anajibiwa au ananyamazishwa? Mengine yote mtarekebishana.

Kisheria, vikundi vya namna hii vimewekwa daraja la nne kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, usajili unapitia halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu. Kikundi kikisema kimesajiliwa kuomba kuona cheti sio utovu wa adabu, omba kwa upole tu. Na usichanganye VICOBA na ile mikopo ya mtaani ya kausha damu, ambayo nayo inawakalisha akina mama kwenye kikundi, wanadhaminiana, rejesho kila wiki, ila hela ni ya mtu mwingine na asipolipa mmoja mnafuatwa wote na masofa yanabebwa. Ukikaribishwa kwenye kikundi swali la kwanza liwe hili, hela tunayokopeshana ni ya nani? Kama sio yenu, aga taratibu.

Hatua ya 4: Fuata wiki ya mji

Vikundi vya Tanga vina siku zake, ukizijua siku huhitaji mtu wa kukuonesha njia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni usafi, nchi nzima. Toka na fagio lako na jembe, usitoke mikono mitupu. Wanaofanya kazi kweli utawaona, na utaona nani anaandika majina ya waliokuja. Ndo katibu huyo.

Jumamosi na Jumapili alfajiri ni zamu ya jogging klabu. Utazisikia kabla hujaziona, wanakuja na nyimbo na tisheti za rangi moja, wengi wanaipenda ile njia ya Raskazone kwa sababu ya upepo wa bahari na magari machache. Mtu mwenye kitambi asiogope, mbele wapo wanaokimbia na nyuma wapo wanaotembea na kupiga stori, na hawa wa nyuma ndo wengi. Jogging hapa ni mazoezi nusu, nusu nyingine ni chama: wana mfuko, wanazikana, wanatembelea wagonjwa, wanaalikana mabonanza na klabu za miji mingine. Kwa kijana asiyemjua mtu mjini mimi naona hii ndo njia nyepesi kuliko zote, unaungana nao barabarani, unakimbia, mnaponyoosha viungo mwishoni mgeni anaombwa ajitambulishe. Basi, umeshaingia.

Ijumaa baada ya swala matangazo ya msikiti yanakupa habari za mtaa mzima, nani kafiwa, madrasa gani inaezekwa, maulidi ya wapi. Kwa Wakatoliki kuna jumuiya ndogondogo nyumba kwa nyumba, na ukihamia tu hao ndo watakutafuta wenyewe. Jioni kuna baraza za kahawa na bao, Ngamiani kila barabara unayokatiza, kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, hukosi wazee wamekaa. Kaa, agiza kahawa na kashata, sikiliza. Usiulize maswali kama afisa wa sensa.

Siku ya mechi Mkwakwani ni somo jingine. African Sports wapo tangu 1936, Coastal Union tangu 1948, na upenzi huo umerithiwa kutoka kwa mababu, kuna nyumba ndugu hawaongei siku hiyo. Ila matawi ya mashabiki, pamoja na ya Simba na Yanga, nayo ni vikundi kamili vyenye viongozi na michango, na mengine huenda hospitali na sabuni na maji kabla ya mechi kubwa. Ukitaka kuchangia damu bila kikundi chochote nenda tu hospitali ya mkoa Bombo, na kila 14 Juni, siku ya wachangia damu duniani, utakutana na wenye moyo huo.

Hatua ya 5: Usikose msibani

Hii naikalia kidogo kwa sababu mgeni anaiogopa, anaona hawajui wale watu ataendaje. Nenda. Pwani hii msiba wa jirani ni wako hata kama jirani mlisalimiana mara moja getini. Toa ubani wako, sema pole, beba viti. Na macho yakiwa wazi utaona mtaa unavyoendeshwa. Nani kaleta turubai, masufuria yale makubwa ya pilau yametoka wapi, akina mama waliovaa kanga sare jikoni ni wa kikundi gani, na yule mzee kwenye meza ndogo na daftari anaandika jina na kiasi bila kuinua kichwa ni nani. Vile vyombo vingi ni mali ya chama cha kufa na kuzikana. Wamenunua kidogo kidogo kwa michango ya kila mwezi, msiba ukiisha vinahesabiwa, sahani ikipungua inatafutwa.

Pale pale usianze kuulizia kiingilio, hiyo ni aibu. Subiri siku tatu nne zipite, mfuate yule mzee kwake.

"Shikamoo mzee. Mimi mpangaji wa nyumba ile ya kona, nilikuwepo msibani."

"Marahaba mwanangu, nilikuona umebeba viti. Karibu kitako."

Hapo sasa uliza yote. Mchango ni kiasi gani na unalipwa lini. Unakaa muda gani ndo haki zako zinaanza, maana vyama vingi vinataka uwe umechanga miezi kadhaa kwanza, ili watu wasiingie na mgonjwa mahututi nyumbani. Wanaohesabika ni kina nani: mke au mume, watoto, wazazi, je wakwe? Na swali la mgeni kabisa: nikifiwa Bukoba au Mbeya mnafanyaje, mnanipa nauli, mnanisindikiza, au ni msiba wa hapa tu? Kuna vyama vina jibu la hilo kwenye katiba na kuna vyama havijawahi kuliwaza. Ugomvi mwingi wa vyama hivi unaanzia kwa mkwe ambaye katiba haikumtaja.

Hatua ya 6: Kama roho yako iko baharini

Nenda Deep Sea asubuhi mnada wa samaki ukiwa umechangamka, au Sahare, au shuka Tongoni. Kila mwalo unatakiwa uwe na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, watu wote wanakiita BMU, mle wamo wavuvi, wachuuzi, wenye vyombo. Hiki sio kikundi cha kujiunga kwa kupenda samaki, ni cha watu wa pale, ila ndo wanaojua kila kitu kinachofanyika ufukweni na hutopanda hata mche mmoja bila wao.

Historia yake inauma. Tanga iliteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti, mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa kwa wadogo na matumbawe yanageuka kifusi, na mtu mwingine anapoteza mkono au maisha. Doria zilipokazwa hali ikabadilika sana, na nguvu kubwa ilikuwa ya wanavijiji waliokubali kusema majina ya watu wanaoishi nao, jambo ambalo sio dogo kijijini. Toka 2009 kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, imepewa jina la yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani katoweka zamani, na imekamata mwambao kuanzia kaskazini ya mto Pangani mpaka kupita mjini, hata kisiwa cha Toten kimo ndani. Kwaiyo kazi za kujitolea zipo: kuokota plastiki, kupanda mikoko, kuelimisha watoto wa shule.

Kwenye mikoko niseme kitu. Kupanda ni kazi ya siku moja na picha zinapendeza, tisheti mpya, kiongozi kashika mche. Muulize mwenye kikundi, iliyopandwa mwaka jana iko wapi? Akikupeleka ukaiona, ungana naye. Akianza kukuonesha picha kwenye simu, mh. Kikundi kizuri kina ratiba ya kurudi kukagua, kung'oa iliyokufa na kupanda tena, na kinajua mche gani unakaa wapi. Na wanatembea na maji yanavyokupwa na kujaa, ukiambiwa tukutane maji yakikupwa huwezi kusema nitachelewa nusu saa, utakuta tope limefunikwa. Vaa viatu vya kufungwa vya zamani. Kandambili zitabaki kwenye tope.

Hatua ya 7: Grupu la WhatsApp liwe la mwisho

Watu wanaanzia hapa na ndo maana wanachoka. Grupu lenye watu mia mbili ambao hujawahi kukaa nao mkeka mmoja ni kelele tu. Ukishaonana na watu, omba uongezwe. Jitambulishe kwa mistari mitatu: jina, unaishi mtaa gani, kakuleta nani. Hilo la kakuleta nani ndo wanalolisoma. Usitupie biashara yako wiki ya kwanza, na zile meseji za "tuma kwa watu kumi" ziishie kwako.

Michango ya dharura inayopita kwenye magrupu, mtoto anaumwa, nyumba imeungua, angalia jina linalotokea kabla hujabonyeza kutuma. Likiwa la mtu ambaye hakuna anayemjua mtaani, piga simu kwa katibu kwanza. Michango ya kweli inakuja na orodha, namba moja fulani katoa, namba mbili fulani kaahidi, na msiba au shida ikiisha inaletwa hesabu ya matumizi mpaka bei ya mkaa. Isipoletwa, iulizie mara moja hadharani kwa adabu, na mchango unaofuata zuia mkono.

Hatua ya 8: Chagua viwili

Kimoja cha shida na raha, yaani cha kuzikana au VICOBA, karibu na unapolala ili usiku wa manane ukipata tatizo wafike kwa miguu. Kingine cha kile unachokipenda, hata kiwe upande wa pili wa mji. Vitatu ni vingi, michango itakumaliza na vikao vitagongana Jumapili alasiri, karibu vyote vinakaa muda huo huo. Ukiwa mwanaume ukakuta kikundi ulichokipenda ni cha akina mama watupu usilazimishe, mwambie mkeo au dada yako, au saidia kwa kuandika ile barua.

Siku ya kujiandikisha nenda na nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha ndogo mbili za pasipoti, kiingilio keshi, na jina na namba ya ndugu wa kupigiwa simu ukipatwa na jambo, hili la ndugu wanasisitiza kuliko hata hela. Omba nakala ya katiba, ukiambiwa iko moja tu chukua simu uipige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha kaa hapo hapo usubiri katibu aandike jina lako daftarini na akupe risiti au asaini kijitabu chako.